Jiko Jipya Ndani ya Kuta za Zamani

Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya mlimani, chumba kinachopewa fedha kwanza ni sebule. Hununuliwa viti, hutandikwa vitambaa, na ukuta hupakwa rangi ya kumpendeza mgeni atakayekaa humo saa moja na kuondoka. Jiko, ambamo watu wa nyumba hushinda tangu alfajiri hadi usiku, huachwa nyuma ya ua likiwa na mabati yenye masizi na tundu moja la dirisha. Na likija kufikiriwa, aghalabu hufikiriwa kwa namna ile ile ya sebule: vigae vinavyong'aa, makabati ya kuagizia, sinki la chuma. Leo napenda kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu habari za jiko tulilolitengeneza upya nyumbani kwetu Nyakabanda. Si kwamba ni zuri kupita mengine, maana mpita njia hatalitambua. Bali katika kulipanga tulilazimika kujiuliza ni kitu gani hasa kinacholifanya jiko liwe rafiki wa mazingira, na jibu tulilolipata halikuwa lile alilokuja nalo fundi.

Nyakabanda ni mojawapo ya sekta za wilaya ya Nyarugenge katika jiji la Kigali, jirani na Nyamirambo na Kimisagara, karibu na mlima Kigali wenyewe. Nyumba zimepandana juu ya mteremko hata paa la huyu likawa usawa wa msingi wa yule. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1917 hata kabla yake kilikuwa kimekwisha kusikika katika vitongoji vya wafanyabiashara, na ambacho mwaka 2017 kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda, kwetu ni lugha ya sokoni, ya gereji na ya barazani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu na kupata cheti, nikafundisha shule ya msingi miaka michache kabla ya kuhamia kazi za ofisini, na mtaani bado naitwa Mwalimu. Nyumbani tuko watano: baba watoto, mama mkwe wangu, mimi, na watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano. Mdogo alikuwa na miezi kumi na sita wakati mambo haya yalipoanza.

Kilichotusukuma ni kikohozi cha huyo mdogo. Katika msimu mmoja wa mvua nilimpeleka zahanati mara tatu, na mara ya tatu muuguzi aliuliza swali ambalo halikuwa la dawa: mtoto huyu hukaa wapi chakula kinapopikwa? Nikamjibu kama ilivyo: mgongoni mwa bibi yake, na bibi yake yumo jikoni. Muuguzi hakusema mengi, aliandika tu. Lakini yaliyo nyuma ya swali lake yanafahamika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya umri wa miaka mitano.

Kuyasoma hayo ni jambo moja, kuyafikisha nyumbani ni jambo jingine. Nilipomweleza mama mkwe aliyoyauliza muuguzi, alisikia lawama ambayo haikuwamo. "Mwanangu," akaniambia, "nimelea watoto sita mgongoni katika moshi huo huo, na mmoja wao ndiye mumeo." Kisha akanyamaza, na kwa siku mbili alipika bila kuzungumza. Nayaandika haya kwa sababu vitabu vya ujenzi havitaji kamwe jambo hili: jiko lina mwenyewe. Anayetaka kulibadilisha, hata kwa nia njema na kwa fedha zake, anaingia katika himaya ya mtu, na asipobisha hodi atajenga chumba ambacho hakuna atakayekipenda. Siku ya tatu nilichukua daftari la hesabu la miraba, nikaenda kukaa karibu naye, nikamwomba anieleze angelitaka liweje. Hakuniambia lolote kuhusu moshi. Alisema anataka dirisha linalotazama lango, apate kuona nani anaingia uani bila kutoka nje kila mbwa anapobweka.

Dirisha hilo likawa mstari wa kwanza katika mchoro wetu.

Fundi naye alikuja na mchoro wake kichwani. Alilizunguka jiko la zamani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema: "Mwalimu, hili ni la kubomoa." Kuta zake ni za matofali mabichi ya udongo, yale yanayoitwa rukarakara katika Kinyarwanda, yaliyokaushwa juani bila kuchomwa. Msingi ni wa mawe, na urefu wa ndani ni mita tatu na robo kwa upana wa mita mbili na nusu. Yeye alitaka tujenge upya kwa matofali ya kuchoma, tupige lipu ya saruji, na tubandike vigae hadi usawa wa mabega. Baba watoto aliafikiana naye. Alikuwa ameona jiko la namna hiyo kwa rafiki yake, nalo kweli linapendeza.

Mimi nilipinga, na hoja yangu naiweka hapa kwa kuwa ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata. Tofali la kuchoma halizaliwi jekundu. Linakuwa hivyo baada ya kukaa ndani ya tanuri linalolishwa magogo usiku na mchana, na udongo wake mara nyingi huchimbwa mabondeni ambako maji yalipaswa kutulia. Saruji, ambayo sehemu yake hapa nchini hutengenezwa Bugarama katika wilaya ya Rusizi, mbali na Kigali, hupatikana kwa kuunguza mawe ya chokaa katika joto kali mno. Kazi hiyo ulimwenguni kote hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sasa mtu anayebomoa ukuta mzima wa udongo ili ajenge wa matofali ya kuchoma, halafu akaweka ndani yake jiko dogo la kubana makaa na kujisifu kwamba ameokoa miti, amekwisha kuichoma miti hiyo kabla ya kubandika sufuria ya kwanza. Ukuta wa udongo uliosimama miaka ishirini haumdai mtu kitu. Unapunguza joto la mchana, unatunza joto la usiku, na ukichakaa hurudi kuwa udongo.

Lakini ukuta huo una adui wawili, maji ya chini na maji ya juu. Kwa hiyo fedha ambazo zingeliliwa na ubomoaji tulizielekeza huko. Tulirefusha paa lipite ukuta kwa sentimita 60, tukaziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa, tukapaka chokaa ndani na nje. Saruji tuliitumia mahali pawili tu: sakafu, ili ioshwe, na ukanda wa ukuta ulio nyuma ya sinki na nyuma ya meko. Chokaa nyeupe pekee, pamoja na bati moja linalopitisha mwanga lililowekwa juu ya meza ya kukatia, vilitosha kuifanya taa ya mchana isiwe na kazi. Fundi alipoona jinsi chumba kilivyong'aa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angeweza kumleta mteja wake mwingine kutazama.

Ama kuhusu mpangilio wa ndani, nilifanya kama tulivyofundishwa chuoni kwamba mwalimu humtazama kwanza mwanafunzi kabla ya kuandika somo. Jumapili moja nilikaa uani na daftari, nikawa naweka alama kila mama mkwe anapovuka mlango wa jiko. Tangu chai ya asubuhi hadi vyombo vya mchana kuoshwa nilihesabu alama 62. Nyingi zilikuwa za maji, kwa kuwa bomba liko karibu na lango. Nyingine za chumvi, mafuta na sahani zilizokuwa zikitunzwa ndani ya nyumba kubwa kwa kuogopa masizi. Hakuna aliyekuwa amepanga mwendo huo. Ulikuwa umejikusanya tu, kama vumbi.

Jambo hili la kuhesabu hatua halikuanzia kwangu. Mwaka 1926 mjini Frankfurt, Ujerumani, mwanamke msanifu majengo aliyeitwa Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Alipima muda na hatua za mpishi, akapanga kila kitu mahali mkono unapofikia, na majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Msimamizi wa mpango huo wa nyumba, Ernst May, baadaye alihamia kwetu Afrika Mashariki: alifika Tanganyika mwaka 1934, na katika miaka ya 1940 akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala. Jiko la Frankfurt lilikuwa na akili nyingi, ila lina kasoro ambayo mtu wa kwetu huiona mara moja. Lilipimwa kwa mtu mmoja aliye peke yake, amefunga mlango. Jikoni kwetu hakuna aliye peke yake. Kuna anayechambua maharagwe, kuna jirani aliyekuja kuazima kiberiti akabaki nusu saa, kuna mtoto anayesoma herufi kwenye mfuko wa unga. Kwa sababu hiyo, kati ya mambo tuliyoyaongeza, lile ambalo baba watoto aliliona la kipuuzi lilikuwa benchi la ubao chini ya dirisha la lango, na ndilo linalotumika kuliko yote.

Meza ya kukatia tuliitengeneza kwa milango miwili ya mbao iliyotolewa katika nyumba kubwa ilipokarabatiwa. Kimo chake kinafaa kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha mwenye kufanya kazi akiwa amesimama. Ikiwa chini zaidi mgongo huuma, ikiwa juu zaidi mabega huchoka. Mama mkwe ni mfupi kuliko mimi, basi upande wa kushoto tukaufanya wa kimo chake na wa kulia wa kimo changu, na baba watoto, ambaye ni mrefu kutushinda sote, amejulishwa kwamba kimo hakimzuii mtu kuosha vyombo.

Turudi kwenye moshi. Wengi hudhani tiba ya moshi ni dirisha kubwa. Dirisha moja, hata likiwa kubwa namna gani, huingiza hewa na kuitoa kupitia mdomo ule ule, nao moshi huzungukazunguka tu ndani. Hewa ya moto hupanda, na haiwezi kupanda ikiwa hakuna hewa baridi inayoingia chini kuchukua nafasi yake. Tulitoboa matundu madogo yenye wavu karibu na sakafu upande wa kaskazini, na upande wa pili, juu kabisa chini ya paa, tukaacha nafasi ndefu ya upana wa tofali moja. Juu ya meko tukatundika kofia ya bati yenye umbo la faneli iliyopinduliwa, na kutoka hapo dohani likapita paani hadi juu ya kipeo cha paa. Dohani lililoishia chini ya kipeo hurudishiwa moshi na upepo, na upepo wa mlimani kwetu hauna adabu.

Niongeze onyo. Makaa yakishika vizuri hayatoi moshi unaoonekana, kwa hiyo watu huyaamini. Lakini hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia zilizoingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha zimekutwa asubuhi hazina uhai. Jiko lisilotoa moshi si lazima liwe jiko salama.

Tulipofika kwenye swali la nishati tukakuta kwamba hakuna jibu lililo safi kabisa. Makaa ya Kigali kwa kiasi kikubwa hutokana na mikaratusi iliyopandwa, lakini katika matanuri ya kawaida ya udongo huhitajika kilo tano hadi kumi za kuni ili kupata kilo moja ya makaa. Serikali ya Rwanda ilijiwekea shabaha ya kuwapunguza watu wanaopikia kuni na makaa hadi asilimia 42 ifikapo mwaka 2024, na gesi ya mitungi imeenea sana mjini. Gesi haina masizi na huwaka papo hapo. Hata hivyo ni zao la mafuta ya ardhini, huja kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na bei yake ikipanda huko hutusikika hapa. Umeme wetu una sehemu njema: mtambo wa gesi ya ziwa Kivu ulioko Karongi, wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016, na mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, ambao Rwanda inagawana na Tanzania na Burundi, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Lakini kupikia maharagwe kwa sahani ya umeme ya kawaida ni kuitazama mita ikikimbia. Sufuria ya umeme ya presha ni tofauti, kwa kuwa imefunikwa na kuvikwa. Chungu cha maharagwe yaliyolowekwa huiva humo kwa chini ya yuniti moja. Hiyo bado tunaiwekea akiba.

Mama mkwe alikuwa na neno lake katika hili, nalo lilikuwa fupi: chai na uji wa watoto unaweza kupikwa kwa gesi, maharagwe hapana. Alisema maharagwe ya gesi hayana ladha. Mimi sikuona sababu ya kushindana naye juu ya ulimi wake. Kwa hiyo meko yetu yana sehemu mbili. Upande mmoja kuna jiko la gesi la mafiga mawili. Upande wa pili, chini ya kofia na dohani, kuna jiko banifu la makaa ambalo hapa huitwa rondereza, jina linalotokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya kutumia kwa kuweka akiba. Majiko ya namna hii, yenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani ya gamba la bati, yalianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na hupunguza makaa kwa kati ya theluthi na nusu yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Yote mawili yameinuliwa juu ya jukwaa la kimo cha kiuno, mbali na mikono ya mtoto anayejifunza kutembea, na mlango wa jiko umekatwa katikati ili nusu ya chini ifungwe peke yake.

Mtungi wa gesi tuliuweka nje ya ukuta, ndani ya kizimba chenye kivuli na matundu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, bali huzama na kutambaa sakafuni ikingoja cheche. Matundu yale ya chini yaliyowekwa kwa ajili ya moshi yana kazi hii ya pili. Kila mtungi unapobadilishwa, mpira na maungio hupakwa povu la sabuni, na povu likifura, kazi husimama. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti, kama nilivyoona watu wakifanya, ni kutafuta mauti.

Kifaa kilichoshinda vyote kwa manufaa hakikununuliwa dukani. Ni kapu. Katika vita kuu za dunia, makaa ya mawe na gesi vilipokuwa haba, akina mama wa Ulaya walitumia sanduku lililojazwa nyasi kavu kumalizia kuivisha chakula, na mafunzo ya namna hiyo yamekwisha kutolewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Letu ni kapu kubwa la sokoni lililojazwa majani makavu ya migomba na kushonewa ndani blanketi kuukuu, pamoja na mto mnene wa kufunikia. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, maji yale humwagwa, kisha huchemshwa katika maji mapya kwa nguvu kwa nusu saa. Dakika kumi za mwanzo za mchemko huo mkali zisipunguzwe kwa vyovyote, kwa sababu maharagwe, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali na isiyovunjwa na uvuguvugu. Hapo sufuria, ikiwa imejaa na kufunikwa barabara, huingizwa kapuni na kuachwa saa nne. Ikitolewa huchemshwa tena kabla ya kupakuliwa. Mama mkwe alilitazama kapu kwa wiki nzima bila kuligusa. Wiki ya pili nilirudi kazini nikakuta maharagwe yamo humo, na yeye amekaa kwenye benchi na jirani. Makaa aliyoyahitaji kwa nusu saa ni makaa yake, na ladha ni ile ile anayoidai. Gunia ambalo zamani lilitufikisha mwisho wa mwezi kwa taabu sasa huvuka mwezi wa pili.

Na sasa maji. Anayejenga mlimani hana budi kukumbuka kwamba kila tone analolifukuza kwake anampelekea jirani wa chini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya nchi yetu. Kigali ilisalimika siku hiyo, lakini miteremko yetu haina tofauti kubwa na ile. Hesabu ya maji ya paa ni rahisi hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jiko pamoja na nusu ya paa la nyumba kubwa inayoelekea uani ni mita za mraba 40. Mvua moja nzuri ya milimita 25 ni lita 1,000, yaani tangi letu zima. Kigali hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, hasa katika miezi ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Desemba. Hivyo maji tuliyokuwa tukiyamwaga juu ya ukuta wa jirani yalikuwa kama lita 40,000 kila mwaka, huku sisi tukilipia ya bomba kuoshea sufuria.

Tulifunga mifereji ya bati pembezoni mwa paa, na tangi likawekwa juu ya kitako cha mawe nyuma ya ukuta wa sinki ili maji yashuke yenyewe. Maji ya dakika za kwanza za mvua, yaliyobeba vumbi na kinyesi cha ndege, huelekezwa kwenye ndoo ya pembeni. Maji ya tangi ni ya kuoshea vyombo, sakafu na nguo. Ya kunywa bado huchotwa bombani na kuchemshwa. Maji machafu ya sinki hupita kwenye ndoo yenye kokoto na mchanga inayokamata mafuta na masalia, kisha huingia bustanini. Huku kwetu bustani ya mboga iliyo karibu na jiko, akarima k'igikoni, imehimizwa kwa miaka mingi, na yetu ni matuta matatu tu ya mchicha, vitunguu na karoti, yaliyojengwa ngazi ngazi kwa mawe. Maganda ya ndizi na viazi huozeshwa hapo hapo pamoja na majivu kidogo. Taka zote zinazobaki kuchukuliwa na gari kupelekwa Nduba zimekuwa mfuko mmoja mdogo kwa wiki.

Mtaniuliza kuhusu mtoto. Bado hukohoa mvua zinapoanza, kama watoto wengi wa mtaa huu, na sitadai kwamba jiko limekuwa mganga. Ninaloweza kusema ni kwamba katika msimu uliopita hatukurudi zahanati kwa ajili hiyo, na kwamba kanga ya bibi yake, aliyombebea, hainuki tena moshi ninapoifua.

Gharama yote ilipungukia ile ya fundi kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa yake ilikwenda kwenye tangi na mifereji. Kila mwezi dohani hulazimika kufagiliwa masizi, la sivyo hukataa kuvuta. Kazi hiyo ni ya baba watoto, naye huifanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi baada ya umuganda, akiwa bado na nguo chafu. Limebaki jambo moja. Tangi likijaa, maji yanayofurika bado huanguka upande wa jirani wa chini. Tumekubaliana naye kuchimba mfereji wa mawe kutoka kitako cha tangi hadi mtaro wa barabara, kwa kugawana kazi, na amekwisha kupigilia vijiti mahali utakapopita, akiukwepa mparachichi wake kwa mita moja na nusu.